Safari Yetu ya Kwanza ya Ukweni

Tunapotoa mafundisho ya ndoa kanisani, vijana wengi hutuuliza juu ya fungate. Wamesikia kwamba maharusi wa mjini huenda Zanzibar au Ngorongoro wakapumzika wiki nzima, wakila wasichopika na kulala wasipotandika. Hatuna neno juu ya hilo. Mwenye uwezo na aende. Lakini kwetu Mwamapalala, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Usukumani, safari ya kwanza ya mume na mke huwa ni ya kwenda kusalimia ukweni, tena kwa gari lililojaa, na kuku wakiwa kwenye tenga.

Mama mwenzetu, usiidharau safari ya namna hiyo. Nyumbani mtu anaweza kuficha tabia yake kwa miezi mingi. Ana kazi yake, ana jirani wa kuzungumza naye, ana pembe yake ya kununia. Njiani hakuna pembe. Njaa, tope, uchovu na upungufu wa fedha huwakuta wote wawili kwa saa ile ile, na kila mmoja humwona mwenzake jinsi alivyo. Tunaomba tuwasimulie yaliyotupata sisi, mwalimu wa shule ya msingi na muuguzi wa zahanati, tulipokuwa na miezi mitatu tu ya ndoa.

Maandalizi

Tulifunga ndoa mwezi Septemba 2005. Wakati huo Bariadi yetu ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu na wilaya yetu ya Itilima vilianzishwa mwaka 2012. Baba wa watoto wetu ni mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Siku ya harusi, baba mkwe alikuwa anaugua miguu, na mama mkwe alibaki kumuuguza. Baba mdogo ndiye aliyekuja kuwawakilisha. Hivyo tulikuwa na deni la kwenda kupiga magoti mbele yao, nasi tulipatana kulilipa mwezi Desemba shule zikifungwa.

Fedha yote tuliyokuwa nayo ilikuwa shilingi 60,000. Tuliigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza, nauli ya kwenda, lilikaa katika mfuko wa shati. La pili, nauli ya kurudi, lilifichwa chini kabisa ya begi. La tatu tulilifunga kwenye pindo la khanga, tukaliita fedha ya njiani. Tuliwekeana sharti moja: fedha ya njiani haitafunguliwa mpaka wote wawili tumekubali.

Zawadi zilikuwa za kwetu. Tulifunga kiroba cha michembe na kingine cha matobolwa, tukachukua karanga, kuku wawili, doti ya khanga kwa mama mkwe na blanketi kwa baba mkwe. Tulichukua pia chandarua chetu wenyewe, maana muuguzi anajua kwamba si kila kitanda cha wageni kina chandarua kisicho na matundu.

Tulikuwa na siri pia. Mimba ilikuwa na umri wa miezi miwili hivi. Kwa desturi tuliyokulia, mimba changa haitangazwi hata kwa wakwe, mpaka ijioneshe yenyewe. Tulijua sisi wawili tu, pamoja na muuguzi mwenzetu aliyetupima. Tulipatana tuifunge midomoni mwetu kama tulivyoifunga ile fedha.

Tope la Dutwa

Tuliondoka siku mbili baada ya Krismasi. Alfajiri tulifanya sala fupi mlangoni, tukapanda pikapu mpaka Bariadi mjini, na hapo tukapata basi dogo la kwenda Lamadi. Leo barabara hiyo ina lami na mtu huipita akisinzia. Wakati ule ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Karibu na Dutwa basi liliingia kwenye udongo mweusi wa mbuga likagoma. Mnaujua udongo ule. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na wakati wa masika hushika tairi kama gundi. Wanaume waliteremka kusukuma. Wanawake tulivua viatu, tukapita pembeni na watoto na mizigo. Tulikaa pale karibu saa tatu. Basi liliponasuka, kiatu kimoja cha bwana harusi kilikuwa kimebaki chini ya tope, na hakuna aliyekiona tena.

Viatu vile vilikuwa vipya. Alikuwa amevinunua kwa ajili ya harusi, naye alitaka aingie uwanjani kwa baba yake akiwa amevivaa. Tulitazamana pale kando ya barabara, mmoja ana tope mpaka magotini, mwingine ana tope mpaka kwenye kilemba, tukaanza kucheka. Tulipofika Lamadi tulikubaliana kufungua pindo kwa mara ya kwanza, tukanunua kandambili. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini hakuvivua mapema. Wengi wa mama tunaozungumza nao hutuambia kwamba ugomvi wa kwanza wa ndoa yao ulianzia kwenye kitu kidogo cha namna hiyo, kiatu, ndoo au ufunguo. Kitu kikishapotea, lawama haikirudishi.

Kutoka Lamadi kwenda Bunda barabara ilikuwa tayari ya lami. Upande wa kulia hifadhi ya Serengeti hufika karibu kabisa na barabara, pale penye lango la Ndabaka, na upande wa kushoto kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Nyani walikuwa wameketi kando ya lami kama wazee wa baraza. Tulikula matobolwa, tukanywa maji yetu ya kuchemsha. Tulipofika Bunda ilikuwa saa tisa alasiri, na njia ya vumbi ya kwenda Kisorya ilikuwa bado mbele yetu.

Kwenye ufuko wa Kisorya

Ukerewe ni kisiwa. Anayetoka Mwanza mjini hupanda meli mpaka Nansio. Sisi wa upande wa Bariadi njia yetu ya karibu ni hiyo ya Bunda na Kisorya, halafu kivuko mpaka Rugezi. Tulifika Kisorya jua likikaribia kuzama. Kivuko cha mwisho kilikuwa kimekwisha kuondoka.

Palikuwa na mtumbwi wa injini uliokuwa ukipakia abiria waliochelewa kama sisi. Mwenye mtumbwi alimtambua baba wa watoto wetu, akamwita kwa furaha. "Mwalimu! Mzee anakungoja toka mchana. Ingia, na shemeji aingie. Ziwa hili ni letu." Tulihesabu watu 31, na juu yao magunia ya mahindi, baiskeli mbili na kitanda cha mbao. Hatukuona boya hata moja. Upepo ulikuwa umeanza, na upande wa magharibi wingu lilikuwa zito.

Hapa inafaa tueleze jinsi tulivyotofautiana. Mmoja wetu alijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma. Mwingine alizaliwa Mwamapalala, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya lambo la ng'ombe. Tena huyu wa pili alikuwa bado shuleni MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Mwalimu wake mmoja alipoteza ndugu katika meli ile. Darasa zima lilimwona mtu mzima akilia mbele ya ubao. Kwa mtoto wa nchi kavu, kila chombo cha majini tangu siku ile kilikuwa MV Bukoba.

Tulijitenga chini ya mti tukasemezana. Upande mmoja ulisema: "Baba ameita ukoo. Chakula kimepikwa. Wazee wameketi tangu mchana, nami sikuwapo nyumbani mwaka mzima. Nitawaambia nini?" Upande wa pili ulisema neno moja: "Naogopa."

Angeweza kucheka. Wanaume wa ziwani huwacheka watu wa bara, na kwa kawaida hakuna anayechukia. Angeweza pia kusema kwamba mke hupaswa kufuata. Badala yake aliuliza swali ambalo tumelitumia nyumbani kwetu miaka yote tangu hapo: "Unaogopa maji, au unaogopa mtumbwi huu?"

Swali hilo lilitaka jibu la kweli. Kama ni maji, basi hata kesho tusingevuka, na mke angekuwa amekataa kwao na mume. Jibu lilikuwa hili: "Naogopa maji, lakini kivuko nitapanda. Mtumbwi huu sipandi, na mtoto huyu hatapanda."

Baba wa watoto wetu alirudi majini peke yake akautazama mtumbwi upya. Ukingo wake ulikuwa umebakiza kama shubiri moja tu kufikia maji, na watu walikuwa bado wanaingia. Tunadhani alikuwa ameona mitumbwi ya namna ile tangu utotoni, hivyo macho yake yalikuwa yameizoea. Alimpa mwenye mtumbwi ujumbe kwa baba yake kwamba tutafika asubuhi, kisha akarudi chini ya mti akasema, "Tunalala."

Tulifungua pindo mara ya pili, tukalipa shilingi 3,000 kwa chumba. Tulikula ugali wa muhogo na samaki kwa mama lishe, tukafunga chandarua chetu kwa kamba ya tenga la kuku. Usiku ule tulizungumza kuliko miezi yote mitatu iliyopita. Tulizungumza juu ya MV Bukoba na juu ya baba mkwe. Tulizungumza pia juu ya namna kila mmoja wetu alivyoona wazazi wake wakigombana, na yapi tusingependa watoto wetu wayaone.

Tungependa kuwaambia kwamba mtumbwi ule ulipata shida, ili hadithi iwe na fundisho la wazi. Haukupata shida. Ulifika Rugezi salama na abiria wake wote. Ujumbe wetu ulifika usiku ule ule, na wazee waliokuwa wakitungoja walitawanyika makwao.

Lawama ya kuchelewa

Asubuhi tulivuka kwa kivuko. Mmoja wetu alishika chuma kwa mikono miwili na kufumba macho mpaka katikati ya maji, halafu akayafumbua, akaona kwamba ziwa ni zuri. Kutoka Rugezi tulipanda gari kuelekea Nansio, tukashuka njiani na kutembea mpaka nyumbani kwa wakwe, bwana harusi akiwa na kandambili.

Shangazi mmoja alitupokea kwa maneno makali. Alisema wenzetu wote wa jana wamefika, kwa hiyo ni nani aliyetuzuia? Akaongeza kwamba huenda mwanamke wa bara ameanza kutawala mapema. Tulikuwa tumepiga magoti kusalimia, na maneno yale yalitukuta pale pale chini.

Ndipo baba mkwe alipouliza kwa sauti ya taratibu, "Mlichelewa nini, mwanangu?" Baba wa watoto wetu angeweza kujitoa kwa maneno mawili tu. Angeweza kusema mke aliogopa, na kila mtu angecheka, aibu ingehamia upande wa kike. Angeweza kutaja mimba, na kila mtu angenyamaza, lakini siri yetu ingekuwa imevunjwa. Alisema, "Baba, mimi ndiye niliyeamua tulale. Mtumbwi ulikuwa umejaa." Hakuongeza neno.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Waliofika jana tumewaona jana. Ninyi tumewapata leo. Kaeni mle."

Na mama mkwe? Yeye hakuuliza sababu. Alileta maji ya moto kwenye beseni, akauliza, "Mmefikaje, wanangu? Miguu inauma?" Akapasha moto samaki wa jana aliokuwa ametufichia. Siku zote tulizokaa pale, kila asubuhi alituwekea machungwa yaliyokwisha kumenywa, mengi upande wa mke kuliko upande wa mume. Hakusema kitu, nasi hatukusema kitu. Mama aliyezaa watoto saba hahitaji kuambiwa.

Jambo tulilojifunza

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika kisiwa cha Ukara kutoka Bugolora, ng'ambo hiyo hiyo ya Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Tulikwenda kwenye matanga, na katika nyumba mbili tulisikia neno lile lile: kuna ndugu aliyetaka kungoja, akaambiwa asicheleweshe wenzake.

Hatusemi kwamba mwaka 2005 tulikuwa na hekima kuliko wale 31 waliovuka. Wao walifika, nasi tulilala. Tunachosema ni kwamba katika nyumba, mwenye hofu asikilizwe kabla hatari haijathibitishwa. Ikishathibitishwa hakuna tena haja ya kusikilizana. Na mwenye hofu naye aseme kweli: ni maji, au ni mtumbwi huu? Ni biashara, au ni mkopo huu? Ni kuzaa, au ni kuzalia nyumbani mbali na kituo? Swali hilo limetusaidia kuchagua shule, kukataa dhamana ya deni la mtu, na hata kukubali kuhama kituo cha kazi.

Jambo la pili ni ile kauli, "Mimi ndiye niliyeamua." Mama wengi tunaowapima kliniki wana shinikizo la damu, na tukizungumza nao tunakuta mengine ambayo vipimo havioneshi: nyumbani kila uamuzi uliokwenda vizuri ni wa mume, na kila uliokwenda vibaya ni wa mke. Mume anayebeba lawama ya wote wawili mbele ya ukoo wake hujenga kitu ambacho zawadi haiwezi kujenga. Na mke aliyebebewa hivyo hana budi kubeba naye, siku ukoo wake ukiuliza. Nasi tumekwisha kufanya hivyo, zaidi ya mara moja.

Kwa wanaojiandaa kusafiri

Kama muuguzi tunaomba kuongeza haya machache kwa mama kijana anayesafiri na mimba. Nenda kliniki kwanza, na kadi yako ya kliniki iwe kwenye begi la mkononi, isifungwe ndani ya mzigo. Kunywa maji ya kutosha hata kama unaogopa kusumbua dereva, mwambie asimame. Kila gari linaposimama, shuka ujinyoshe, maana kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu huleta uvimbe na hatari ya damu kuganda. Lala ndani ya chandarua. Ukiona damu ukeni, ukiumwa kichwa kikali na macho kuona giza, ukipata homa, au maji yakitoka, acha safari na uende kituo cha afya kilicho karibu. Usingoje kufika ukweni. Na majini, usikubali chombo kilichojaa wala kisicho na maboya ya kuvaa.

Kwa ninyi wawili: gaweni fedha mafungu matatu, na lile la tatu lisiguswe bila ninyi wote. Kabla ya kuondoka, mjulishe anayewangoja kwamba mnaweza kulala njiani. Siku hizi karibu kila mtu ana simu, hivyo hakuna haja ya kuvuka gizani kwa kuogopa kwamba chakula kitapoa.

Na kwetu sisi tunaokaribia kuwa wakwe, maana yule aliyekuwa na miezi miwili tumboni sasa ni kijana mzima, tuna neno moja. Watoto wetu watakapochelewa, na watachelewa, tuanze na beseni la maji ya moto. Tuulize "Mmefikaje?" kabla ya kuuliza "Mbona mmechelewa?" Tukifanya hivyo, siku nyingine watakapokuwa ufukoni mbele ya mtumbwi uliojaa, hawatasukumwa na hofu ya kutukasirisha.